JIBU: Kuhusu ajira ya kiwandani Pikalyovo

Ndugu wanajumuiya,

Mdogo wetu anayemaliza uhandisi hapa St. Petersburg ameuliza kama akubali kazi Pikalyovo, mkoa wa Leningrad. Ni kweli kwamba pango la nyumba katika miji midogo ni nafuu kuliko hapa, lakini mji wa namna ile haupimwi kwa pango na mshahara tu.

Pikalyovo ulikua kwa saruji, ambayo ilianza kuzalishwa mwaka 1935. Ulipewa hadhi ya mji mwaka 1954, na mwaka 1959 ukapata kiwanda cha alumina, ule unga mweupe ambao alumini hutolewa humo. Malighafi yake ni nefelini, inayobaki baada ya apatiti, madini ya kutengenezea mbolea, kutenganishwa katika rasi ya Kola, kaskazini kabisa. Nefelini huchomwa pamoja na mawe ya chokaa. Alumina ikishatolewa, tope linalosalia huenda kutengeneza saruji, na maji yenye chumvi hutoa magadi na potashi. Mimi nauheshimu sana uhandisi huo, kwa kuwa karibu kila kilichoingia kilipata kazi.

Mfumo huo ulijengwa uwe chini ya uongozi mmoja. Baada ya ubinafsishaji uligawanywa kuwa viwanda vitatu vyenye wamiliki tofauti, nao wakashindwa kuafikiana bei ya malighafi. Msukosuko wa uchumi ulipoingia mwaka 2008, kimoja kiliposimama vingine vilikosa cha kusindika, na kufikia majira ya kuchipua ya 2009 vyote vilikuwa vimefungwa.

Hapo ndipo penye funzo kwetu wageni. Nyumba za ghorofa hupashwa joto kwa mabomba kutoka kituo cha umeme na joto, ambacho Warusi hukiita TETs, na cha Pikalyovo kilikuwa mali ya kiwanda. Deni la gesi ya kituo hicho lilipokosa kulipwa, Mei 2009 maji ya moto yalikatika mjini, hata kwa mwalimu na muuguzi ambao hawakuwahi kuajiriwa kiwandani. Tarehe 2 Juni wakazi walifunga barabara kuu ya kwenda Vologda. Siku mbili baadaye Vladimir Putin, wakati huo waziri mkuu, alifika na kumtaka Oleg Deripaska, mmoja wa wamiliki, asaini mkataba mbele ya kamera. Mishahara iliyolimbikizwa ikalipwa na uzalishaji ukarejea. Watu wale walistahili kusikilizwa kabla ya kulazimika kusimama barabarani.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kabla ya kutia saini uliza nani anamiliki TETs leo, malighafi inatoka kwa nani na kwa mkataba wa muda gani, na kama upo mwajiri mwingine mjini anayehitaji taaluma yako. Angalia pia kibali chako cha kazi: kwa kawaida hufungamana na eneo kilikotolewa, na St. Petersburg na mkoa wa Leningrad ni maeneo mawili tofauti kiutawala, ingawa treni inakufikisha siku hiyohiyo. Ukishapata rasimu ya mkataba, itume hapa, hasa kipengele cha makazi, ili walio na uzoefu wa sheria za kazi waisome pamoja nawe.

Kaka yenu,
St. Petersburg