Albamu za studio za Whitechapel ni 9. Hizo 12 mmezitoa wapi?

Wakuu, hili lazima lisemwe. Kila anayebandika "diskografia kamili" (orodha ya albamu zote) ya Whitechapel, bendi ya metali ya Knoxville, Tennessee, Marekani, anakuja na idadi yake. Huyu 10, yule 11, mwingine 12. Mnahesabu albamu au mnahesabu mafaili?

Shikeni hii: The Somatic Defilement (2007), This Is Exile (2008), A New Era of Corruption (2010), Whitechapel (2012), Our Endless War (2014), Mark of the Blade (2016), The Valley (2019), Kin (2021), Hymns in Dissonance (2025). Tisa, basi.

Ya 10 inazaliwa hivi: The Somatic Defilement ilitolewa tena 2013 na lebo ya Metal Blade, ikiwa imefanyiwa miksi na masta upya. Programu ya kuchezea muziki inasoma mwaka wa toleo, inaipanga baada ya Whitechapel, halafu mtu anaandika kwa kujiamini kwamba 2013 jamaa "walirudi kwenye mizizi". Mizizi ipi? Ni nyimbo zilezile za 2007 zinazomhusu Jack the Ripper, muuaji wa London wa 1888! Toleo la 2013 sikilizeni tu, halina ubaya, ila kwenye mwaka andikeni 2007 na baada ya jina la albamu muongeze "toleo la 2013". Msipofanya hivyo, matoleo mawili yataungana na kila wimbo utalia mara mbili.

Ya 11 ni Recorrupted ya 2011. Ina nyimbo 5: mpya moja, remix mbili, moja ya bendi ya Pantera na moja ya zamani iliyopigwa kwa gitaa kavu. Hiyo ni EP, yaani rekodi fupi, siyo albamu. Ya 12 ni The Brotherhood of the Blade ya 2015, iliyorekodiwa jukwaani. Kelele za mashabiki mnazisikia mle ndani, mnataka ushahidi gani tena?

Kero kuu ni albamu ya 2012 yenye jina la bendi. Ukitupa mafaili yasiyo na jina la albamu kwenye folda ya Whitechapel, baadhi ya programu zinachukua jina la folda kuwa jina la albamu. Ndipo mtu anaapa kuwa The Saw Is the Law ni ya 2012, wakati wimbo huo umo kwenye Our Endless War. Dawa yake: fungua Mp3tag (programu ya kuhariri taarifa za mafaili ya muziki), chagua mafaili ya albamu MOJA, jaza msanii wa albamu, jina la albamu, mwaka na namba za nyimbo, hifadhi, kisha simu isome maktaba upya. Ukichagua folda ya bendi nzima kwa mkupuo, albamu zote 9 zitapewa jina moja, na hapo utaanza upya.

Halafu pangeni kwa mwaka, siyo kwa alfabeti! Alfabeti inaweka Kin kabla ya The Valley, na Kin ni mwendelezo wa hadithi ya The Valley: utoto wa mwimbaji wao Phil Bozeman, na maneno mengine yametoka kwenye shajara za mama yake. Ukianza na Kin umeanzia katikati ya msiba wa watu. Na nyie mnaosema kuimba kwa sauti ya kawaida, badala ya kunguruma, kulianza na The Valley, rudini Mark of the Blade, wimbo Bring Me Home.

La mwisho, kwa wanaolalamika kwamba magitaa matatu "hayasikiki" kwenye This Is Exile. Gitaa la nyuzi 7 likishushwa hadi A, uzi wa chini unatikisika mara 55 kwa sekunde. Spika ya simu haifiki huko hata kidogo, na MP3 ya 128 kbps inazikata matoazi kwa juu. Ukiongeza besi unaishia kusikia tope. Vaa hedifoni za waya, zima ekolaiza, ndipo uje kubishana.