Siga na bia za kraft hapa Tanga: nini kiende na nini?

Mkazi wa Chumbageni
Wakuu, habari za leo. Nina robusto (siga fupi nene) za aina mbili: zenye jani la nje la Connecticut, kahawia mpauko, na maduro nyeusi tii. Kwenye friji kuna IPA (bia chungu), bia ya ngano na stauti (bia nyeusi nzito), zote za kraft, yaani za viwanda vidogo. Connecticut na IPA zikikutana, kinywa kinakuwa kichungu kama nimetafuna mwarobaini. Tena siga inazimikazimika na kuungua upande mmoja. Kiti kiko nje, Raskazone, upepo wa bahari moja kwa moja. Kosa ni la bia, la siga au la mvutaji?

Kaskazi
Mkuu, hayo ni matatizo mawili, usiyachanganye.

Uchungu kwanza. Jani la Connecticut ni laini, lina ladha ya siagi na njugu. Uchungu wa hopsi, ua linaloipa bia uchungu, unaifunika yote, kinachobaki ni ukali wa moshi juu ya ukali wa bia. Hiyo mpe bia ya ngano. Maduro mpe stauti: jani lake limechachushwa kwa muda mrefu na kwa joto zaidi, ndiyo maana lina utamu mzito unaoelewana na kimea kilichochomwa. Kanuni ni uzito kwa uzito. IPA iweke kando.

Kuzimika ni unyevu. Siga inataka asilimia 65 hadi 70, na hewa ya pwani yetu inapita hapo mara nyingi, masika ndiyo usiseme. Tumbaku ya ndani inavimba, hewa haipiti, unavuta kwa nguvu, moto unapanda na lami inakusanyika upande wa mdomoni. Sehemu ya huo uchungu unaoilaumu IPA inatoka hapo hapo. Chukua kopo la plastiki la chakula lenye mfuniko wa mpira, weka pakiti ya Boveda ya 65, yaani kifuko kinachoshikilia unyevu kwenye asilimia 65. Ya gramu 60 inatosha siga 25. Inatoa unyevu na kuunyonya pia. Ziache wiki mbili au tatu bila kufungua kila saa. Usianike juani, jani la nje litapasuka. Friji nayo hapana: zitakauka na kunuka samaki.

Na geuza kiti. Upande unaopigwa na upepo ndio unaokimbia kuungua.

Mzee wa Stauti
Kaskazi kamaliza, ila kwenye IPA nampinga kidogo. Ile kavu yenye IBU (kipimo cha uchungu wa bia) 60 kwenda juu, sawa, ikae mbali. Yenye kimea kingi, IBU 40 hivi, inakaa vizuri na maduro. Soma lebo kabla ya kufungua.

Halafu baridi. Stauti ikitoka friji ikiwa nyuzi 4, ulimi unakufa ganzi, husikii kahawa wala chokoleti. Iache mezani dakika 15 hadi 20 ifike nyuzi 10 au 12. Bia ya ngano ibaki baridi, mimina nusu glasi nusu glasi, kwa joto hili haingoji mtu.

Kata milimita 2 tu za kofia, ncha ya mdomoni iliyofungwa. Ukizidisha, jani linafumuka. Ukiwasha, pasha mguu wote (ncha ya kuwasha) kwanza bila kuvuta, moto usiguse tumbaku. Baada ya hapo vuta mara moja kwa dakika, robusto ikupe dakika 45 hadi 60. Moshi utoke kinywani ndipo unywe, gesi ya bia isafishe ulimi. Moshi usiumeze. Na kula kwanza, hata mihogo na pweza: nikotini na stauti ya asilimia 8 juu ya tumbo tupu vinaleta jasho baridi na kizunguzungu. Kikikupata, weka siga chini, kunywa soda yenye sukari.

Mkazi wa Chumbageni
Shukrani wakuu. Kipimo cha unyevu ninacho, nitajuaje hakidanganyi? Halafu maduro mbili zina vitundu kama vya pini, na unga kidogo chini ya boksi.

Kaskazi
Kipimo: jaza chumvi kwenye kizibo cha soda, dondoshea maji mpaka iwe tope, isiyeyuke. Funga na kipimo ndani ya mfuko usiopitisha hewa, saa 8 au zaidi. Lazima kisome 75. Kikisoma 80, toa 5 kila unapokitazama.

Vitundu ni mdudu wa tumbaku, anaangua joto likipita nyuzi 24 hivi, kwa hiyo Tanga ni kwao. Hizo mbili tupa. Nzima zote, Connecticut pia, funga kwenye mifuko miwili, toa hewa, friza siku 3, kisha friji ya kawaida siku 1, kisha mezani mpaka zipoteze ubaridi kabisa kabla ya kufungua mfuko. Ukiwahi, umande utatua kwenye siga na utarudi kwenye unyevu ule ule. Boksi usilitumie tena.