Naomba ushauri: dume la elki ananijibu lakini hasogei

Wakuu, habari zenu. Niko Idaho, Marekani, na nina kibali cha kuwinda elki kwa upinde Septemba hii. Kwa wasiomjua, ni mnyama wa jamii ya ayala. Dume huweza kupita kilo 300, na msimu wa kupandana hulia kama filimbi, bonde zima likasikia.

Nikiiga mlio wa dume, yule mwenye kundi ananijibu vizuri tu, kisha anawaswaga majike wake na kuhamia bonde la pili. Ugomvi hautaki. Nikiiga jike, kwa kile kipande cha mpira cha kubana kwenye kaakaa, anakuja, ila anasimama mita 80 hivi nyuma ya miti na kukodoa macho. Jike halioni, basi anaondoka. Mimi mwisho wangu wa kulenga ni mita 35.

Mwenzangu anashauri anayeita abaki nyuma, mwenye upinde atangulie mita 40 au 50, ili dume akisimama kutazama awe ameshaingia kwenye shabaha. Naona ina mantiki. Ila upepo je? Alfajiri hewa baridi inashuka bondeni, jua likikolea inapanda, na dume mjanja huzunguka kwanza mpaka apate harufu ya anayemwita. Mwenye upinde mnamweka upande gani?

Halafu akinyamaza ghafla, mnaendelea kuita au mnatulia? Na kuna anayekwaruza mti kwa gogo kuiga pembe? Inasaidia kweli, au ni kelele tu?