Singapore inalipia maji ya Johor. Nairobi nayo iilipe Murang'a?

Mkaazi wa Umoja: Singapore ni kisiwa kidogo, maji yake hayakitoshi. 1962 ilitia saini mkataba na Johor, jimbo jirani la Malaysia: ivute hadi galoni milioni 250 kwa siku kutoka Mto Johor, kwa sen 3 kila galoni elfu. Sisi tunakunywa ya Ndakaini, na bwawa liko Murang'a. Kwa nini kaunti isilipwe?

Mtoto wa Gatanga: Hapo umenena. Mashamba ya wazee wetu yalimezwa na lile bwawa. Nyumbani kwetu bado tunateka mtoni, huku watu wa Nairobi wakiosha magari!

Wakili Mdogo: Mfano haushiki. Zile ni nchi mbili. Hapa Sheria ya Maji ya 2016, kifungu cha 5, inasema rasilimali za maji zinashikiliwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi. Kaunti haiwezi kuuza kisicho chake.

Dada wa Kayole: Tunaosha magari? Gari gani, ndugu yangu? Mfereji wa ploti yetu hutoa maji Jumanne usiku tu. Naamka saa nane kupanga mitungi. Wiki jana nimenunua wa lita 20 kwa shilingi 50, wa mkokoteni. Uniombe radhi.

Mtoto wa Gatanga: Sikukusema wewe, dada. Nasema wale wenye nyasi za kijani mwezi wa pili.

Mzee wa Lavington: Nyasi zangu zanywa maji ya kisima changu. Nimechimba kwa pesa zangu, na kibali ninacho.

Wakili Mdogo: Kwa heshima, mzee, hata ya chini ya ardhi si yako. Kibali ni ruhusa ya kutumia.

Mzee wa Lavington: Basi hiyo serikali ije ilipe bili ya stima ya pampu!

Mkaazi wa Umoja: Jamani, Singapore! Mkataba unakwisha 2060...

Wakili Mdogo: 2061. Na umeacha nusu ya habari: Johor hununua tena maji yaliyosafishwa, kwa sen 50 kila galoni elfu. Tangu 2003 Singapore inasafisha hata maji taka yarudi kutumika.

Dada wa Kayole: Maji ya choo? Mwanangu hanywi hayo.

Mtoto wa Gatanga: Yakisafishwa kuna ubaya gani? Ya mkokoteni unajua yalikotoka?

Dada wa Kayole: Sijui. Nayachemsha, makaa nanunua mimi. Na radhi yangu sijaiona.