Tupeane uzoefu: uliwahi kuitwa ofisi ya mwendesha mashtaka? Ilikuwaje?

Kipepeo_Mweusi: Wakuu, wiki ijayo nina wito wa kwenda kutoa ushahidi. Karatasi inasema nianzie ofisi ya waendesha mashtaka saa mbili asubuhi. Nimeibiwa mimi, na tumbo linaniuma mimi! Waliowahi kupita pale, unaitwa ukafanye nini? Mambo yake ni ya kipolisi au ya kimahakama?

Tuliza_Boli: Nafuatilia.

Fundi_Saa: Si polisi, si mahakama. Polisi wanapeleleza, hawa wanapokea jalada na kulisoma waone kama kuna kesi au kuna hadithi. Ushahidi usiposhika, jalada linarudishwa na maelekezo: kamtafuteni shahidi fulani, pelekeni sampuli kwa mkemia. Ule wimbo wa "upelelezi haujakamilika" mara nyingi unatokea hapo.

MamaWawili: Uzi huu umenirudisha mbali. Mdogo wangu alichomwa kisu, na mimi ndiye niliyefika wa kwanza. Kituoni nilieleza huku nalia, askari anaandika, mwisho akanisogezea karatasi tano nisaini kila ukurasa. Nikasaini. Nani anasoma saa nane usiku, damu bado iko kwenye nguo?

Miezi saba baadaye nimekaa mbele ya mwendesha mashtaka, binti mdogo tu kwangu. Meza imejaa majalada yaliyofungwa kwa kamba, la kwetu alilichomoa chini kabisa. Akanipa maelezo yangu niyasome. Ukurasa wa tatu: "nilimwona mshitakiwa akimchoma." Jamani, mimi sikumwona akichoma. Nilimkuta amesimama na kisu mkononi, mdogo wangu yuko chini.

Shetani akaniambia nyamaza, mbona hiyo ndiyo tamu zaidi. Nikamuuliza yule binti, niseme tu hivyo hivyo? Akaweka kalamu chini. "Mama, uliona au hukuona?" Sikuona. "Basi utasema hukuona. Na wakili wa upande wa pili itabidi nimjulishe mapema." Nilimchukia! Nikatoka nikakaa kwenye benchi, nikajiuliza huyu yuko upande gani.

Siku ya kesi wakili wa mshitakiwa akanishika palepale, ukurasa wa tatu. "Uliongopa kituoni au unaongopa leo?" Magoti yanagonga mbao za kizimba. Nikasema nilisaini bila kusoma. Hakimu anaandika kwa mkono, chumba kizima kimetulia kinamsubiri amalize sentensi. Mshitakiwa alitiwa hatiani, lakini kwa ushahidi wa daktari na majirani wawili walioona tukio. Wangu hakimu hata hakuutegemea.

Kungwi_Mpole: Pole dada. Ukurasa wa tatu umenisisimua mwili.

Nyundo_Nzito: Hii chai. Mwendesha mashtaka gani anawapelekea wapinzani silaha? Hao kazi yao kufunga watu.

Karani_Mstaafu: Mkuu, hapana. Miongozo ya Umoja wa Mataifa juu ya kazi ya waendesha mashtaka, iliyopitishwa Havana mwaka 1990, inawataka wazingatie kila jambo, liwe linamfaa mtuhumiwa au linamuumiza. Ushahidi uliopatikana kwa mateso wanatakiwa waukatae. Mwendesha mashtaka anaiwakilisha serikali mahakamani, si mlalamikaji.

Nyundo_Nzito: Kwenye karatasi hata mimi ni tajiri.

Karani_Mstaafu: Umri wako wa kubishana nilishaumaliza, mwanangu.

Dada_Wa_Pili: Hilo la "si mlalamikaji" ndilo lililonikuta. Nilienda kumwambia nimemsamehe shemeji yangu, afute kesi. Akaniambia msamaha wako nitauandika, ila kufuta si kazi yako, kesi ni ya serikali. Nilipigwa mimi, kesi ya serikali!

Tuliza_Boli: Shemeji alitoa shilingi ngapi?

Dada_Wa_Pili: Kwenda huko.

Kungwi_Mpole: Ndivyo inavyotakiwa. Kila anayepigwa angekuwa anasukumwa na ndugu akafute, nani angefungwa?

Dada_Wa_Pili: Na ndoa ikivunjika utakuja kunilelea watoto wewe?

Zamani_Sana: Ninyi mmekaa upande wa mashahidi. Mimi nilikaa ule mwingine. Miezi 11 mahabusu. Siku hiyo mwendesha mashtaka anasimama: "Mheshimiwa, hatuna nia ya kuendelea na shauri hili." Nikamwangalia mke wangu, hajaelewa, anafuta miwani. Hakimu akasema uko huru. Kutoka kizimbani hadi mlangoni ni hatua tisa, nilizihesabu. Nje kuna askari wawili. "Mzee, twende." Shitaka jipya, maelezo yaleyale. Mke wangu alibaki ameshika mfuko wa nguo alizoniletea nivae nikirudi nyumbani.

Fundi_Saa: Hee!

Tuliza_Boli: Shikamoo mzee. Usituache hewani, ikaishaje?

Nyundo_Nzito: Mnaona? Nilisema nini mimi?

Kipepeo_Mweusi: Jamani, na mimi nimeuliza swali langu hapo juu…

Karani_Mstaafu: Pole sana ndugu yangu. Wengi hawajui kwamba shitaka kuondolewa si kushinda. Likiondolewa kabla hujajitetea, nchi nyingi linaweza kurudi. Ukiachiwa baada ya ushahidi kusikilizwa, hapo hawakushitaki tena kwa kosa lilelile, labda wakate rufaa.

Zamani_Sana: Mara ya pili mashahidi wao waliisha, hakimu akasema sina kesi ya kujibu. Viatu vilivyokuwa kwenye ule mfuko havikunitosha, miguu ilikuwa imevimba.

Msafiri_Kafiri: Niko Indonesia masomoni. Trafiki walichukua leseni yangu, nikaambiwa baada ya faini nikaichukue ofisi ya mashtaka ya wilaya. Sikulala! Kufika, foleni kama ya benki, dirisha, saini, kwaheri. Hao hao wanaenda pia mashuleni kufundisha wanafunzi sheria. Nasikia Marekani sehemu nyingi mwendesha mashtaka wa eneo anapigiwa kura.

Nyundo_Nzito: Apigiwe kura halafu asifunge watu? Atarudije?

Betri_Chini: Mimi simu yangu iliyoibwa ilishikiliwa kama kielelezo mwaka mzima. Nikamwuliza mwendesha mashtaka, akaiombea mahakamani, ikapigwa picha kwa kumbukumbu, nikakabidhiwa. Betri imevimba kama andazi. Ila kuuliza si ujinga, kumbe hata kesi imefikia wapi una haki ya kuuliza pale.

Kungwi_Mpole: Kipepeo, vaa kawaida, jibu kifupi, usichojua sema sijui.

Fundi_Saa: Usijibu kifupi mno, utaonekana unaficha.

Tuliza_Boli: Nenda na wakili.

Dada_Wa_Pili: Wakili wa nini, shahidi huyo! Aende na maji ya kunywa na chaja. Atakaa kwenye benchi mpaka mchana, halafu aambiwe imeahirishwa.

Kipepeo_Mweusi: Asanteni, nimesoma yote mara mbili. Ila MamaWawili umenivuruga. Na mimi yale maelezo nilisaini bila kusoma.

MamaWawili: Saa mbili hiyo wewe fika saa moja. Ukipewa, anzia ukurasa wa kwanza, na kidole kiwe juu ya mstari.