Nimerudi kwenye bonsai baada ya miaka sita, nianze na kipi?

MtiWaKibarazani
Habari zenu wakuu. Mimi si mgeni kabisa wa haya mambo ya kukuza miti midogo kwenye vyungu ila mzoefu pia siwezi kujiita, niko pale katikati ambapo majina ya vifaa unayajua lakini miti inakufa. Miaka sita iliyopita nilikuwa na bonsai tatu. Ya kwanza juniperi, nikaiweka sebuleni pembeni ya tivii maana nilidhani bonsai ni pambo la ndani, ikakaa kijani mwezi mzima na mimi kila asubuhi namwagilia, kumbe namwagilia maiti. Ya pili niliotesha kwa mbegu, hiyo tuiache. Ya tatu fikasi, nilipohama nikamwachia mama, mikasi nikaitupia kabatini nikasema basi.

Sasa juzi nimeikuta. Mama aliitoa kwenye kile kisahani akaihamishia kwenye ndoo kubwa aliyoitoboa chini, akaiweka nje juani, hajawahi kuikata hata tawi moja. Jamani shina limenenepa kama mkono wangu hapa kwenye saa! Enzi zangu lilikuwa kama penseli na nililihangaikia miaka miwili. Wivu nimeona, sifichi. Ila imenipita urefu na haina umbo lolote.

Wikiendi hii nataka niikate juu, nipunguze mizizi, niipande kwenye chungu kifupi, halafu niifunge waya. Nianze na kipi?

Mzee wa Mikasi
Usianze na chochote kwanza mkuu 😀 umetaja operesheni nne za mgonjwa mmoja kwa siku moja, hiyo ndo iliyoua za mwanzo.

Elewa kwanza kwa nini mama yako amekushinda. Shina linanenepa kwa sababu ya majani, majani mengi yanatengeneza chakula kingi, mizizi ina nafasi, basi mti unaongeza mbao. Wewe ulikuwa unapogoa kila kikichipua na mizizi umeibana kwenye kisahani, utanenepa na nini sasa? Wengi tunaanzia mwisho. Chungu kile kifupi ni cha mti ambao shina lake tayari umeridhika nalo, kabla ya hapo mti ukae kwenye chombo kikubwa au ardhini ufanye fujo zake.

Fikasi ni jamii ya mikuyu, ngumu kufa, ukiikata shina ikiwa na nguvu na kuna joto inachipua yenyewe chini ya kidonda. Kata juu kidogo ya pale unapopataka maana huwa inakauka kurudi chini, utakuja kusafisha baadaye. Utomvu mweupe utatoka, futa kwa kitambaa kibichi na usijipanguse machoni. Halafu UIACHE. Mizizi usiiguse hadi uone machipukizi yamekomaa na mti umechangamka tena.

Na juniperi usijilaumu sana, ni mti wa nje, unataka jua kamili na kipindi cha baridi upumzike. Ukifa unabaki kijani wiki kadhaa, ndo maana umewadanganya wengi.

chekecheke
Naunga mkono ila hamjagusa udongo na udongo ndo kila kitu. Ukifika muda wa kuhamisha usichukue ule wa kwenye ndoo ukaujaza kwenye chungu kifupi. Sababu yenyewe hii hapa, ukimwagilia maji hayatoki yote, chini kabisa linabaki tabaka limelowa chapachapa, na unene wa hilo tabaka unategemea ukubwa wa chembe za udongo, haijalishi chungu kina kina gani. Kwenye ndoo mizizi ya juu inapumua vizuri tu. Kwenye kisahani udongo wote unajikuta ndani ya lile tabaka, mizizi inaoza huku wewe unasema mbona namwagilia.

Tafuta chembe za milimita 2 mpaka 6 hivi, pumisi (yale mawe mepesi yenye vitundu), mawe ya volkeno, hata matofali ya kuchoma yaliyopondwa, chekecha vumbi lote litoke. Akadama, ule udongo wa chembe wa Kijapani, ni nzuri ila fikasi haina maringo hayo. Ubaya wa udongo wa chembe hizi unakauka haraka, kwa hiyo kumwagilia ratiba hakuna, chomeka kijiti ukichomoe ukiangalie kama kimelowa.

Bi Majani
Huyu chekecheke kila mada ni udongo tu 😂 ila leo kasema kweli.

Mimi nakuongezea moja mwanangu, tafuta miche mingine mitano sita, ya kawaida tu. Mwenye mti mmoja anaushikashika kila siku, leo tawi kesho jani, mwisho unachoka. Ukiwa na mingi mikono inapata kazi na kila mmoja unapumzika zamu yake. Na usione aibu ya kuanza upya. Kuna msonobari kule Washington, ulianza kutunzwa kama bonsai tangu 1625, ukanusurika bomu la Hiroshima 1945, familia ya Yamaki ikautoa zawadi kwa Marekani 1976. Umepita mikono ya watu wangapi? Miaka sita yako wewe na mama yako ni ya kupokezana tu.

MtiWaKibarazani
Asanteni sana, Bi Majani umenigusa. Na waya je, nao nisubiri?

Mzee wa Mikasi
Subiri matawi mapya, haya ya sasa mengi yataondoka na mkato. Ukifika hapo tumia wa aluminiamu, unene kama theluthi ya tawi, uzungushe kwa mlalo wa digrii 45. Kagua kila wiki, fikasi inanenepa haraka na waya ukizama kwenye gome alama inakaa miaka. Kuutoa kata vipande vipande, usiuzungushe kurudi utavunja tawi.

MtiWaKibarazani
Wakuu nimerudi na jambo. Leo nimejaribu kuisogeza ndoo nione mbele ya mti iwe upande gani, haisogei. Kuchungulia chini, mizizi imepita kwenye matundu imeingia ardhini, mmoja ni mnene kama kidole gumba.

chekecheke
😂😂😂 Eti ndoo.

Mzee wa Mikasi
Kumbe! Nilikuwa najiuliza hilo shina la ndoo gani. Huo mti umekula ardhini miaka yote, ndoo ni nguo tu.

Basi mpango unabadilika. Mkato wa juu uahirishe. Chukua msumeno ukate hiyo mizizi usawa wa kitako cha ndoo, hapo ushakata sehemu kubwa ya mdomo wake, usiguse kingine. Weka kwenye kivuli chepesi, majani mengine yatapukutika usipaniki, mwagilia kwa kuangalia sio kwa huruma. Ikitoa majani mapya rudi hapa na picha tuchague pa kukata.

Bi Majani
Na mama umuombe ruhusa kwanza kabla ya huo msumeno. Mti ni wake sasa.