Gazeti dogo la Pemba kuingia biashara ya viwanja: tuanzie wapi?

Mhariri_Wete
Assalamu alaykum. Gazeti letu linatoka kila Ijumaa, kurasa nane. Matangazo ya maduka yamekauka, lakini ukurasa wa viwanja na nyumba watu wanaugombania. Tunafikiria tusiishie kutangaza, tuuze wenyewe kwa asilimia. Tuna karani mmoja, mpiga picha mmoja na pikipiki. Tutangulize nini, na wapi watu huanguka?

Bikoni
Waalaykumu salaam, Mhariri. Tangulizeni kujua mnauza nini. Kwa Sheria Nambari 12 ya 1992 ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma chini ya Rais. Anachohamisha muuzaji ni haki ya kuitumia. Msichapishe "shamba linauzwa" kabla hamjaiona karatasi ya haki hiyo na kuihakiki kwenye Kamisheni ya Ardhi. Eka tatu, yaani mashamba ya serikali ya ukubwa huo, ndizo zinazoangusha wengi: zilitolewa baada ya Mapinduzi ya 1964 watu wazilime, leo zinakatwa viwanja na kuuzwa kwa karatasi ya mkono. Saini ya sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, inathibitisha kwamba anawajua watu na mahali, haimpi muuzaji haki ambayo hakuwa nayo.

Pemba kuna na jengine: mkarafuu una mwenyewe, na ardhi ina mwenyewe. Nendeni shambani, hesabuni mikarafuu, minazi na miembe mmoja mmoja, ulizeni kila mti nani anauchuma. Idadi iingie kwenye fomu, na majirani wa pande zote nne watie saini. Mnunuzi akishachimba msingi ndipo mwenye mikarafuu miwili hutokea, na jina litakalotajwa mtaani ni la gazeti.

Bint_Mtambwe
Naongeza mirathi, maana nyumba nyingi zinazoletwa kwa dalali ni za urithi. Mfano, marehemu ameacha mke, wana wawili wa kiume na mmoja wa kike. Baada ya madeni na wasia, mafungu ni 40: mke 5, kila mwana wa kiume 14, wa kike 7. Anayekuja ofisini na funguo mara nyingi ni huyo mwenye 14, naye anauza zote 40. Takeni mgao wa Kadhi, kisha mpigieni simu kila mrithi, hasa dada aliyeolewa Unguja. Huyo ndiye husahauliwa kwa kuwa "atakubali tu". Ni dhulma, na gazeti linaloaminiwa lisitumiwe kuipitisha.

Mhariri_Wete
Ahsanteni sana. Na upande wa habari je? Kesi za ardhi ndizo habari zetu kubwa.

Bikoni
Hapo ndipo penye hatari zaidi. Sajilini kampuni mbali, yenye akaunti yake. Pesa ya mnunuzi ikikaa pamoja na ya kununulia karatasi, wiki mchapaji anapodai mkono utaifikia. Tangazo la mali mnayouza liseme wazi kuwa muuzaji ni kampuni ya wenye gazeti. Shamba lenye kesi Mahakama ya Ardhi liandikeni habari, msiliuze.

Mwandishi asiwe dalali. Akishaahidiwa asilimia ya kiwanja, hataandika kwamba njia ya kufika hapo hujaa maji kila masika.

Bint_Mtambwe
Na asilimia yenyewe iandikwe, ni ngapi na nani analipa, kabla hamjampeleka mtu kuona. Bila karatasi hiyo, muuzaji na mnunuzi hukutana baada ya Magharibi wakamalizana bila nyinyi.